Ghishi ya Mtihani na Kile Ambacho Filamu Haituonyeshi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa la toleo hili linaanzia mahali ambapo darsa zetu haziendi mara nyingi: kwenye filamu ya kuchekesha. Wako watakaouliza filamu ya vijana wa Kimarekani inatafuta nini katika jarida la jumuiya yetu. Jibu ni kwamba filamu hizi zimo tayari katika simu zetu. Zinapita kutoka simu hadi simu mabwenini, hasa zile wiki za kabla ya mitihani ambapo kila mtu anatafuta sababu ya kutofungua daftari. Kitu kinachotukesha usiku, tuna haki ya kukikalisha chini mchana na kukiuliza kinatufundisha nini.

Filamu yenyewe inaitwa The Perfect Score. Ilitoka Januari 2004, ikaongozwa na Brian Robbins, na ndani yake wamo Chris Evans na Scarlett Johansson kabla hawajawa majina makubwa. Wanafunzi sita wa sekondari wanakabiliwa na mtihani wa SAT, ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani huutumia kuchagua wanafunzi. Kila mmoja ana haja yake. Mmoja anataka kusomea usanifu majengo, mwingine ni mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye bila alama fulani chuo hakimpokei, mwingine wazazi wamemwelemea. Wanakubaliana kuingia usiku katika ofisi za watunga mtihani, mjini Princeton, jimbo la New Jersey, wakaibe majibu.

Ni ucheshi, na unachekesha kweli. Lakini sikiliza hoja inayobebwa na kicheko hicho. Vijana hawa wanasema mtihani ndio mwizi wa kwanza: unampima mtu kwa kipimo kimoja, unawapendelea waliolelewa katika nyumba fulani kwa lugha fulani, na unaamua maisha ya mtu kwa asubuhi moja. Basi kumwibia mwizi kuna dhambi gani?

Hoja hii haiko Marekani peke yake. Tazama hata majina tunayokipa kile kijikaratasi kinachofichwa mkononi. Sisi tuliosoma shule za Kireno tunakiita kabula, neno jepesi kama la mchezo wa watoto. Ng'ambo ya Ruvuma Watanzania wanasema mtu amepiga chabo. Wakenya wana neno zito kuliko yote: mwakenya. Hilo lilikuwa jina la kundi la siri lililoipinga serikali ya huko katika miaka ya 1980, ambalo vijikaratasi vyake vilisomwa kwa kificho. Jina la wapinzani likashuka hadi kwenye karatasi ya kuibia hesabu. Anayeitumia anajiona, kwa mbali, kama mpigania haki.

Na kwetu Tungue, ndugu zangu, hoja hiyo ina nguvu kuliko ilivyo kwa wale vijana wa Princeton. Sitaki tuipite haraka.

Februari 1887 manowari za Wareno zilipiga mizinga Tungi, na ghuba yetu ikatoka katika himaya ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Wakati huo pwani hii ilikuwa na watu wanaosoma na kuandika. Barua za masheikh na masultani wa kaskazini, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa hadi leo katika Arquivo Histórico de Moçambique kule Maputo. Lakini katika daftari za utawala mpya, mzee aliyesoma msahafu, akaandika mikataba ya biashara na kuhesabu mirathi kwa kalamu yake, alikuwa mtu asiyejua kusoma, kwa sababu hakujua Kireno. Sheria iliyowagawa watu kuwa wenyeji na waliostaarabika ilifutwa mwaka 1961 tu. Kwa hiyo cheti, katika historia yetu, hakikuanza kama kipimo cha elimu. Kilianza kama lango lenye mlinzi.

Kisha njoo karibu. Gesi iligunduliwa katika bonde la Rovuma mwaka 2010, watu wakahamishwa kupisha mradi wa Afungi, kijiji cha Quitunda kikajengwa. Vita vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na tarehe 24 Machi 2021 vikafika Palma. Wengi wenu mnaosoma haya mnajua kilichofuata bila kusimuliwa: misitu, mashua, Pemba, nyumba za jamaa zenye watu ishirini. Watoto walipoteza mwaka wa shule, wengine miwili, wengine hawakurudi kabisa. Halafu Januari inafika, na kijana huyo anakalishwa kufanya mtihani wa kujiunga na chuo kikuu, wa kuchagua jibu sahihi, kwa Kireno, karatasi moja na kijana wa Maputo ambaye hakukosa kipindi hata kimoja.

Akisema mtihani huu haukutungwa ukimfikiria yeye, anasema kweli.

Swali la darsa letu basi ni hili: je, kweli hiyo inamhalalishia kabula?

Mwanafunzi mjanja wa fiqhi anaweza hata kuleta dalili. Atasema: katika madhehebu yetu ya Shafi ipo mas'ala ya dhafar, yaani mtu aliyezuiliwa haki yake, akiipata mali ya aliyemzuilia, anaweza kuchukua kiasi cha haki yake hata bila idhini. Atataja kisa cha Hind bint Utba, aliyemlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa mumewe Abu Sufyan ni mzito wa mkono, naye akamruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Basi, atasema, dola inanidai mimi au mimi ninaidai dola? Mimi ninachukua changu.

Hoja nzuri. Inavunjika mahali pamoja, nako ndiko filamu isikotupeleka.

Dhafar ina masharti. Unachukua kwa yule aliyekuzuilia, na unachukua kiasi kile kile. Hind alichukua kwa Abu Sufyan, hakuchukua kwa jirani. Sasa nafasi za chuo zina hesabu. Kozi ya udaktari ikiwa na viti kadhaa, anayeingia kwa kabula hakupunguza hata shilingi katika hazina ya dola, wala kampuni ya gesi haikuhisi kitu. Aliyetolewa ni mtu wa mwisho katika orodha ya waliostahili, na huyo huenda ni binti wa Quitunda aliyesoma kwa taa ya simu. Deni lako liko kwa mkubwa, lakini umekwenda kulilipisha kwa mdogo mwenzako. Hiyo si dhafar.

Ucheshi wa aina hii hufanya kazi kwa ujanja mmoja: humwondoa mdhulumiwa kwenye picha. Ndani ya The Perfect Score kuna jengo, kompyuta na mlinzi wa kuhadaiwa. Hakuna hata sura moja ya mtu aliyekosa nafasi kwa sababu mwingine aliiba. Ingewekwa sura hiyo kwa dakika moja tu, kicheko kingekatika.

Na sasa tazama kisa ambacho sote tumekihifadhi tangu chuoni kwa maalimu, lakini tukisome tena polepole. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka. Juu ilikuwa kavu. Akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione, kisha likaja lile tamko linalojulikana, kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Imam Muslim ameipokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.).

Mvua haikuwa kosa lake. Naona hapo ndipo hadithi hii inapotugusa sisi wa Tungue. Vita ni mvua. Shule iliyofungwa ni mvua. Lugha ya kigeni ni mvua. Hakuna atakayekuuliza kwa nini nafaka yako imelowa. Utaulizwa juu ya kuipanga: kavu juu, mbichi chini. Na cheti kilichopatikana kwa kabula ni kavu ya juu hasa. Kinasema kwa muhuri kwamba mwenye nacho anajua, na mnunuzi hana mkono wa kuingiza ndani.

Mnunuzi ni nani? Katika mas'ala ya ghishi fakihi hamtazami muuzaji peke yake, humtazama pia yule atakayekula. Muuguzi anayepaswa kugawa kipimo cha dawa kwa kilo za mtoto, naye hesabu ya kugawanya alipewa na jirani yake wa dawati, atakutana na mtoto mwenye malaria usiku. Hatakuwa mtoto wa mkurugenzi, maana hao wanapelekwa kwingine. Atakuwa mtoto wa Palma, wa Quionga, wa Olumbe. Mwalimu asiyejua Kireno alichopasishwa nacho atawafundisha wadogo zetu Kireno hicho hicho, nao watakalia mtihani ule ule uliomshinda. Dhulma tuliyosema tunailipiza imerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Maulamaa wa hadithi walikuwa na neno jingine la sokoni: tadlisi. Asili yake ni kuficha aibu ya bidhaa wakati wa kuuza. Wao wakalitumia kwa mpokezi anayesimulia kwa namna ya kumfanya msikilizaji adhani kamsikia sheikh mkubwa, kumbe kapata kwa mtu mwingine aliyemficha kati. Shu'ba bin al-Hajjaj wa Basra, aliyefariki mwaka 160 Hijria, alikuwa mkali mno juu ya jambo hili, akiliweka katika ukoo mmoja na uongo. Angalia vizuri: mpokezi wa tadlisi huenda hakusema neno la uongo hata moja, na maneno aliyosimulia huenda ni sahihi. Kosa ni kuficha yalikotoka. Mwanafunzi anayenakili kurasa tatu za tasnifu ya mtu mwingine, au anayeamuru programu ya simu imwandikie kazi nzima kisha anaweka jina lake juu, asidhani amezua mas'ala mapya. Basra walishayajadili.

Ndiyo maana elimu ya vyuo vyetu vya pwani ilikuwa ngumu kuibiwa. Ijaza haitolewi kwa karatasi iliyojazwa chumbani. Unasoma mbele ya sheikh, kitabu baada ya kitabu, naye anaposema sasa fundisha, anaweka jina lake na majina ya masheikh zake juu ya kichwa chako. Ukiharibu, umeuharibu mnyororo mzima. Chuo kikuu hakina mnyororo huo. Kina msimamizi mmoja anayezunguka kati ya madawati mia mbili, na wakati mwingine, tuseme ukweli, naye anauza. Mwalimu anayeuza alama, kwa fedha au kwa heshima ya binti wa watu, ndiye wa kwanza anayelengwa na mwanzo wa Suratul Mutaffifin, kwa wale wanaodai vipimo vijae wanapopokea na kupunja wanapotoa. Wa pili ni mwanafunzi anayelalamikia nusu alama iliyokatwa huku karatasi nzima si yake.

Tuone sasa inakuwaje nchi nzima inapoingia katika mchezo huu. Kenya, katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015, matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa udanganyifu. Machi 2016 waziri wa elimu, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya baraza la mitihani, na Profesa George Magoha akapewa uenyekiti. Karatasi zikafungiwa katika makontena yanayolindwa na polisi, na wakuu wa shule wakawajibishwa wao wenyewe kuzichukua. Mwaka 2015 waliopata daraja la A walizidi 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Watahiniwa walikuwa zaidi ya nusu milioni katika miaka yote miwili. Wako waliolalamikia usahihishaji wa mwaka ule, na sidhani kila A iliyopotea ilikuwa ya wizi. Lakini hata ukiyapunguza malalamiko hayo, pengo linabaki kubwa, na ndani yake wamo watoto walioipata A yao kwa jasho, Lamu, Garissa, Turkana, ambao karatasi yao ilikuwa haina thamani kwa sababu sokoni zilijaa nyingine zinazofanana nayo.

Karatasi iliyovuja ina bei. Mwenye fedha ananunua mapema na kwa uhakika. Maskini anaipata usiku wa manane, nusu yake ikiwa ya uongo. Mtihani ukishavunjika, anayepoteza zaidi ni yule ambaye hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha isipokuwa alama zake.

Hili filamu ya Thailand, Bad Genius ya mwaka 2017, imeliona vizuri kuliko ile ya Marekani, na ikiwa mtatazama moja tu, tazameni hiyo. Lynn ni binti wa mwalimu, Bank ni mtoto wa mama mwenye kazi ya kufua nguo. Wote wana akili nyingi na fedha kidogo. Wenzao wenye fedha wanawalipa wawape majibu, hadi wanasafirishwa Sydney wakafanye mtihani saa chache kabla ya Bangkok, wakariri majibu na kuyatuma. Inasisimua kama filamu ya ujambazi. Lakini fuata nani anaumia: Bank ndiye anayepigwa, anayekosa ufadhili, na mwisho anayeharibika moyo. Matajiri wanarudi nyumbani.

Na hayo si ya filamu tu. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya ukweli iitwayo The Shadow Scholars, ya Eloise King, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, anapokutana na vijana wa Nairobi wanaoishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa vyuo vya Uingereza na Marekani. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya kuuza insha hizo kwa sheria ya mwaka 2022. Vijana hao ni wasomi wa kweli. Elimu ni yao, shahada inapata jina la mtu mwingine. Nilipoitazama sikucheka hata mara moja, na sikuweza kuwachukia pia.

Nirudi kwenye The Perfect Score kwa jambo moja, maana haifai kuidhulumu. Vijana wale wanapofika kwenye kompyuta, wanakuta maswali bila majibu. Basi wanakaa chini usiku ule wakaufanya mtihani wenyewe, kila mtu na somo analoliweza, na yule waliyemdharau kuliko wote anageuka kuwa ndiye mwenye akili ya hesabu. Mwishoni hawatumii walichoiba. Sidhani mwandishi alikusudia kutupa darsa, ila tumelipata: kundi lile lile, usiku ule ule, bila kuvunja mlango, lingeitwa halaka.

Sisi tunaweza kulifanya hilo mwezi wa Novemba badala ya kuamkia Januari. Karatasi za mitihani ya kujiunga ya miaka iliyopita zinapatikana kwa halali. Waliokaa mwaka wa tatu wanajua Kireno cha mtihani, kile chenye mitego yake, na wadogo zetu waliopoteza miaka hawana kingine wanachohitaji zaidi. Wanaume wana nafasi msikitini baada ya Isha. Kina dada wasiachwe wakajitafutie mahali, wapangiwe chumba chao na saa yao, mapema. Na madai yetu ya haki, kwamba waliofungiwa shule kwa vita wafikiriwe katika nafasi na ufadhili, tuyaandike kwa majina yetu tuyapeleke mchana. Dai la wazi linaweza kukataliwa, lakini halimtoi mtu mwingine kwenye kiti chake kwa siri.

Limebaki swali ambalo najua wapo wanaolisoma jarida hili wakilisubiri: aliyekwishafanya je? Ana kazi, ana mshahara, na nyuma yake kuna mtihani mmoja asiotaka kuukumbuka. Sheikh Abdul Aziz bin Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia, ambaye aliharamisha ghishi katika mitihani ya masomo yote bila kubagua, aliulizwa hilo. Kwa ufupi alijibu kwamba mtu huyo atubie kwa Allah kwa alichokifanya, na ikiwa anaitekeleza kazi yake kama ipasavyo, basi chumo lake halina ubaya. Ni jibu lenye rehema, na wengi hulishika upande huo tu. Mimi naona uzito wote uko katika ile "ikiwa". Muuguzi yule lazima ajifunze sasa hesabu ya kipimo aliyoikwepa. Mwalimu lazima afungue kile kitabu cha sarufi. Kujifunza huko si hiari tena, kwa sababu mshahara wa mwezi huu umesimama juu yake.

Kwa halaka ya wiki hii tujadili haya. Mtu akimwonyesha jibu ndugu yake wa Palma aliyekimbia vita, naye mwenyewe hakupata faida yoyote, ni nani aliyedhulumiwa hapo, na je, huruma inabadilisha hukumu? Mwanafunzi akijua kwamba msimamizi ameuza karatasi, na akisema atajiharibia mwaka wake, wajibu wake unaishia wapi? Na la tatu mliangalie wenyewe katika simu zenu: katika filamu ya mwisho mliyocheka, ni nani ambaye hakuonyeshwa?